Mkwaruzo Niliofuta Bila Kuuliza

Juzi nilipita kwenye kile kibanda chenu cha kuosha magari karibu na stesheni. Nilikuwa naenda sokoni kununua dagaa, sikuja kuwapeleleza. Nikaona pedi saba za mashine ya polishi zimeanikwa kwenye kamba, nyekundu, njano, buluu, nyeupe na nyingine sijui hata niiteje, na mmoja wenu, sitamtaja lakini alivaa kofia nyuma mbele, anamwambia mteja kwamba ya njano ndiyo kali kwa sababu kwenye video wamesema. Nilicheka mpaka nikasahau dagaa. Nikarudi nyumbani nikasema ngoja niwaandikie, maana nikija kusema kwa mdomo mtasema bibi amekuja kutafuta soda.

Soda nitakunywa, msijali. Lakini kwanza mnisikilize.

Wanangu, rangi ya pedi ni mapenzi ya kiwanda. Kiwanda hiki njano yake ni ngumu, kile njano yake ni laini kama sponji ya kuogeshea mtoto mchanga. Nyie mnachagua pedi kama mnachagua kitenge cha sare. Ishike, ibonyeze kwa kidole gumba, uone inarudi haraka au inalegea. Ya manyoya inakula rangi sana, sponji ngumu inakula kiasi, sponji laini haili, inang'arisha tu. Na polishi ni hivyo hivyo. Chukua tone kidogo, sugua kati ya vidole viwili. Ukisikia chembechembe kama unga wa dona, hiyo ni ya kukata. Ukisikia laini kama losheni, hiyo ni ya kumalizia. Vidole vyenu vina akili kuliko hizo simu, sema hamvitumii isipokuwa kuandika meseji.

Wengi mnaniita Mama Polishi na hamjui nilitokea wapi. Nimezaliwa Katumba. Wazazi wangu walikuja kutoka Burundi, wakalima mahindi na tumbaku, na mimi nilifunga majani ya tumbaku mpaka hata chai niliyokunywa ilikuwa na harufu yake. Siku moja nikamwambia mama nakwenda Mpanda kwa shangazi kutafuta kazi yoyote ambayo haina majani. Nikaipata ya kuosha magari kwenye gereji ya Mzee Kasonso, fundi rangi, Mkonongo mmoja mwembamba aliyekuwa haongei mpaka ukosee. Kwa hiyo mwaka wa kwanza aliongea sana.

Yeye ndiye alinifundisha maji na kucha. Gari likija na mkwaruzo, usikimbilie mashine. Osha kwanza, tena vizuri, maana vumbi letu hili jekundu ukilisugua ni msasa tosha. Kisha lowesha pale penye mkwaruzo. Ukiona umepotea wakati pana maji, huo uko juu juu, kwenye klia, yaani lile tabaka la mwisho lisilo na rangi linalofanya gari ling'ae. Huo polishi itauondoa. Ukibaki unaonekana, pitisha kucha. Kucha ikiteleza, una matumaini. Kucha ikikwama, kaa chini ufikiri, na ikiwezekana mwite mkubwa wako.

"Hufuti alama, Konsolata," aliniambia. "Unashusha pembeni mpaka palingane na shimo. Sasa shimo likiwa refu, utashusha mpaka wapi?"

Nilimwitikia vizuri sana, na wiki hiyo hiyo nikamwonyesha kwamba sikusikia. Lilikuja gari la mchungaji lina madoa meupe ya maji ya kisima. Yalikauka juani kila Jumapili wakati anahubiri. Mimi nikaona madoa ni mengi, basi na dawa iwe kali. Nikafunga pedi ya manyoya, nikapaka kompaundi nzito, ile polishi ya kukata, nikawasha mashine kasi ya mwisho. Katikati ya mlango palitoka vizuri. Nikafika kwenye ukingo wa mlango, pale ambapo rangi huwa nyembamba, nikatulia hapo kama mtu anayepiga pasi kola. Rangi ikaondoka, ikatokea ile ya kijivu ya chini. Mzee Kasonso alikuja, akaangalia muda mrefu.

"Mchungaji atafurahi," alisema. "Umemwonyesha mpaka moyo wa gari lake."

Aliipaka rangi upya ile sehemu mwenyewe, akanifanya niwe nabandika karatasi ya gundi kwenye kingo zote na mipira yote ya kila gari kwa miezi sijui mingapi. Mpaka leo nikiona ukingo wa mlango wa jirani natamani kuubandika. Yale madoa, kwa taarifa yenu, yalihitaji siki kidogo kwenye maji, sponji laini na uvumilivu. Anza na kilicho laini kabisa, jaribu sehemu ndogo kama kiganja, angalia. Kikishindwa ndipo upande ngazi. Hakuna mtu amewahi kurudisha rangi aliyoila.

Nyie siku hizi mmebarikiwa. Mna mashine inayozunguka huku inatikisika, ambayo hata mkilala usingizi juu yake haichomi haraka. Ya kwetu ilikuwa inazunguka tu, ukizubaa inakukimbia, inapanda kwenye kioo, inafunga waya wake yenyewe shingoni. Mna tochi zile nyeupe za kuonyesha mizunguko kwenye rangi. Sisi tulisubiri jua la saa tatu asubuhi tukachungulia kwa ubavu. Halafu na hayo yote mnamaliza kazi kwa kupangusa mafuta ya taa ili ling'ae mteja akiwepo, akifika Makanyagio vumbi lote la mkoa limeshika. Msifikiri hatujui. Na sisi tulifanya, Mzee Kasonso akatukamata kwa pua.

Na pedi ikidondoka chini, imekufa. Usiipulize. Punje moja ya mchanga ikiingia itawachorea duara boneti nzima, na mteja ataziona siku ya kwanza juani. Osha, kausha, au chukua nyingine. Nimesema sana hili na jana nimeona mmoja ameikung'uta kwenye suruali.

Sasa niwaambie lile ambalo hasa limenikalisha hapa na kalamu. Hili, ukimtoa Mzee Kasonso, sikuwahi kumsimulia mtu gerejini kwa sababu kwa muda mrefu nililionea aibu.

Kulikuwa na mteja anaitwa Jilala, Msukuma wa kule Kabungu, familia yao walishuka na ng'ombe kutoka kaskazini wakakaa. Alikuwa na pikapu ya rangi ya buluu iliyoiva, ile buluu ambayo ukiigusa tu inakusema. Alikuwa anabebea chumvi ya ng'ombe, chumvi ikamwagikia boneti, na ng'ombe wakagundua. Ulimi wa ng'ombe, wanangu, ni msasa namba moja. Walikuwa wameilamba boneti mpaka imekuwa na ukungu, na huku ubavuni vichaka vya njia vilikuwa vimechora mistari kutoka taa hadi taa. Jilala aliniambia, "Dada, Jumapili naipeleka nyumbani kwa mzee. Ndugu wote watakuwepo. Nataka ing'ae." Akaacha ufunguo akaenda kwenye shughuli zake za mnadani.

Mzee Kasonso alikuwa amekwenda msibani Inyonga. Nilikuwa mwenyewe, na kwa mara ya kwanza nimeaminiwa mashine bila mtu nyuma yangu. Nikafanya kila kitu kama nilivyofundishwa. Nikaosha. Nikalowesha. Nikajaribu sponji laini kwanza, haikutosha, nikapanda ngumu, nikafika kwenye manyoya kwa boneti tu, nikashuka tena taratibu. Pedi kwa pedi, polishi kwa polishi. Ule ulimi wa ng'ombe ukapotea kabisa. Nilijisikia mtu mkubwa sana.

Kisha nikaona kwenye fenda ya nyuma, juu ya gurudumu, mkwaruzo wa ajabu. Mistari miwili iliyolala na kaduara juu yake. Nikasema, haya, watoto wa watu hawana adabu, wameona gari la mtu wamechora na msumari. Nikapitisha kucha, ikakwama. Hapo Mzee Kasonso angesema kaa chini. Mimi sikukaa. Nilitafuta msasa namba elfu mbili, nikaulowesha, nikasugua polepole nusu ya siku, nikafuatia na kompaundi, nikamalizia na polishi laini. Klia ilibaki nyembamba kama ngozi ya kitunguu lakini alama ikaisha. Nikamwekea Jilala kama zawadi, maana hakuwa ameniomba.

Alikuja Ijumaa jioni. Akazunguka gari anatabasamu, anaona sura yake kwenye mlango. Akafika nyuma. Akainama. Akapitisha mkono kwenye fenda, akaupitisha tena, tabasamu likaondoka.

"Dada, alama iko wapi?"

"Nimekutolea," nikamwambia, najisifu. "Ilikuwa ndani hiyo, ungekwenda kwa mwingine angeshindwa."

Jilala alikaa chini kwenye tairi kuukuu. Sijawahi kuona mtu mzima amekaa vile kwa sababu ya gari linalong'aa. Akanieleza taratibu, kama unavyomweleza mgeni. Ile ilikuwa alama ya mji wao, yaani boma la baba yake. Ng'ombe wote wa baba yake wanayo pajani, imechomwa kwa chuma. Pikapu ilinunuliwa kwa ng'ombe wa nyumba nzima, wake na wa wadogo zake wanne, na baba yake aliichora mwenyewe kwa msumari siku ilipofika, ili ijulikane ni mali ya mji, Jilala ni dereva tu. Na Jumapili ile mzee alikuwa anaachia mifugo. Anamtaja wa kuisimamia, na alikuwa amemtaja Jilala.

"Kwetu anayefuta alama ya ng'ombe ni mwizi," alisema. "Wadogo zangu watasema nimefuta ili niseme gari ni langu. Mzee atasema nini mimi sijui."

Nikamwambia tuichore tena, nitafute msumari. Alinitazama kwa huruma, akasema, "Unataka nimpelekee baba saini ya kughushi?"

Niliumia, nawaambieni ukweli. Nililia nyuma ya gereji nikiwa nimeshika pedi. Kosa la mlango wa mchungaji lilikuwa la mkono, mkono utafunzwa. Hili lilikuwa la kujiona. Kazi yote niliifanya vizuri isipokuwa sikumwuliza mwenye gari neno moja. Asubuhi ya Jumapili nilikwenda kumsubiri Jilala njiani, nikapanda pikapu, nikamwambia nakwenda kwa mzee wako kusema mwenyewe. Hakunikataza. Akashika njia ya Kabungu.

Mji ulikuwa umejaa. Wadogo zake walikuwa wamesimama na wake zao, na gari liliposimama mmoja wao, mrefu mwenye koti, alikwenda moja kwa moja nyuma kwenye fenda. Alijua pa kuangalia. Akasema kitu kwa Kisukuma, watu wakageuka. Mzee akaletwa akiwa ameshikwa mkono, macho yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Akapapasa fenda kwa vidole. Palikuwa laini mno, nilikuwa nimefanya kazi nzuri.

"Nani amefuta?" aliuliza kwa Kiswahili, maana aliona kuna mgeni.

"Mimi, mzee," nikasema. "Mimi ni fundi wa polishi. Nilidhani ni mkwaruzo. Jilala hakujua."

Yule wa koti akacheka kwa pembeni. "Amekutuma useme hivyo."

Hapo ndipo Mungu alinipa akili ambayo haikuwepo Ijumaa. Nikamwambia, kaka, njoo uangalie mbele. Ng'ombe wenu walilamba boneti hii, mnajua wote, mlikuwa mnacheka. Uko wapi ulimi? Vichaka vya njia ya hapa vilichora ubavu mzima. Iko wapi mistari? Mtu anayetaka kuiba angefuta alama peke yake na kuacha mengine ili msishtuke. Mimi nimefuta kila kitu mpaka ulimi wa ng'ombe. Huo si wizi, huo ni ujinga wa fundi anayejipenda.

Mama mmoja mzee ndiye alianza kucheka, akaenda kwenye boneti akaangalia meno yake mwenyewe. Kisha mzee akacheka, kicheko kikavu kinachoanzia tumboni, akasema, "Mayu, una mkono mbaya wewe." Mayu ni mama kwa Kisukuma, anaambiwa hata msichana kwa heshima. Yule wa koti alikwenda kuangalia boneti, akarudi, akamshika Jilala bega.

Mzee akaagiza msumari. Akapapasa mahali pake, akaweka ncha, lakini mkono ulikuwa unatetemeka na msumari ukawa unateleza juu ya ile klia niliyoing'arisha. Mara ya pili, vile vile. Watu waliangalia pembeni. Akaninyooshea mkono wake wa kulia pamoja na msumari.

"Uliyeifuta, nishike," alisema.

Nikaweka mkono wangu juu ya wake. Yeye aliongoza, mimi nikakandamiza. Mistari miwili, na kaduara kakatoka kamepinda kama yai. Akakapapasa, akaridhika. Siku iliyofuata Jilala aliileta gerejini, nikapaka klia kwa brashi ndogo ndani ya mistari isije ikaingia kutu, na kuanzia hapo kila alipoileta nilibandika karatasi juu ya alama kwanza, ndipo nikagusa kingine chochote. Mzee Kasonso aliporudi msibani nikamsimulia yote. Aliongea kuliko mwaka ule wa kwanza.

Kwa hiyo mkiniuliza kitu gani cha kwanza katika kuchagua polishi na pedi, sitasema maji wala kucha. Mwiteni mwenye gari. Zungukeni naye. Muulizeni kila mkwaruzo umetoka wapi na kama anataka uondoke. Mtacheka, najua, mnasema mteja hana muda. Basi mpeni hata kiti. Kuna aliyegongewa gari na mtoto wake akijifunza baiskeli na anapenda kukitazama kile kibonyeo. Hamuwezi kujua kwa kubonyeza pedi.

Baba yake Jilala alifariki miaka mingi iliyopita, na ile pikapu ya buluu imekwisha kwa kazi. Mimi nimestaafu kwa sababu ya mabega, mnaona hata kikombe nanyanyulia mkono wa kushoto. Mwezi uliopita honi ikapigwa mlangoni kwangu. Nikatoka, nikakuta Jilala, mvi tupu sasa, na wadogo zake watatu nyuma, yule wa koti akiwemo. Wamekuja na pikapu nyeusi mpya kwao, haina hata alama ya kidole. Nikaizunguka, mazoea, nikawaambia hii haihitaji polishi, mnanitania.

"Hatujaleta kwa polishi, dada," Jilala akasema, akafungua kiganja, na ndani kulikuwa na msumari. "Mzee hayupo, na sisi wote hatukuwahi kuchora naye. Mkono uliowahi kuchora pamoja na wake ni wako."

Niliwaambia subirini nikanawe. Nilikaa kule bafuni muda mrefu kuliko kunawa. Kisha nikatoka, nikapiga magoti kwenye fenda ya nyuma, na maisha yangu yote ya kuondoa mikwaruzo nikayaweka pembeni. Nikachora mistari miwili. Kaduara nilikafanya kapinde kama yai, kama kalivyotoka siku ile, kwa sababu mkono wa mzee ndivyo ulivyokwenda.